Namna ya Kununua Nyumba Katikati ya Watu na Kuishi Kama Hawapo

Mgeni rasmi, ambaye bado tunamsubiri, mwenyekiti wa serikali ya mtaa, wajumbe wa mashina, madalali mliokuja bila kualikwa, wanunuzi watarajiwa, na nyinyi wapangaji mliojazana dirishani mkidhani kuna soda: itifaki imezingatiwa.

Nimeombwa kuzungumza leo, na pale ambapo sikuombwa nimejiomba mwenyewe kwa niaba yenu. Mimi ndiye mtaalamu pekee wa fani hii hapa Dar es Salaam. Sisemi kwa majivuno. Nimemtafuta mwingine nikamkosa. Vyuo vinafundisha upimaji wa ardhi, uthamini na mipango miji, lakini hakuna kinachofundisha namna ya kulala usingizi wa mwenye mali huku upande wa pili wa ukuta mtu anakaanga samaki. Pengo hilo nimeliziba mimi.

Tuanze na historia, maana mtaalamu asiyeanza na historia hulipwa nusu. Wajerumani walianza kuugawa mji huu kwa aina za majengo tangu 1891. Waingereza wakaja wakakaza uzi: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, kila kundi na kanda yake. Kati ya Uhindini na Kariakoo wakaacha uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja, ili watu wa huku wasisogeleane na watu wa kule. Uhuru ukapatikana. Mwaka 1971 serikali ikayataifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawa chini ya Msajili wa Majumba, na majirani wapya wakaanza kukutana ngazini. Sensa ya 2022 ikakuta watu 5,383,728 katika mkoa huu, na wote, kwa kadiri ninavyosikia kutoka kitandani kwangu, wanapita hapa mtaani saa kumi na moja alfajiri.

Uwanja mmoja wa kututenganisha hautoshi tena. Ndiyo maana siku hizi kila mnunuzi anajijengea Mnazi Mmoja yake binafsi: ya tofali, futi nane kwenda juu, imepandwa vipande vya chupa. Naunga mkono, na nitaeleza.

Somo la kwanza ni kuchagua mtaa. Nunueni kwenye mtaa wenye uhai. Nendeni asubuhi mkajionee: mama anasukuma chapati, supu inachemka, Mangi kashafungua duka, cherehani inalia, gereji bubu iko chini ya mwembe, msikiti upande huu na kanisa upande ule, bodaboda wanasubiri kwenye kona. Mtaa ambao chumvi ikiisha mtoto anatumwa dukani na anarudi kabla mafuta hayajapata moto. Ndivyo vitu vinavyopandisha bei, na dalali atakuhesabia kimoja kimoja kwa vidole. Usibishane naye. Lipa. Kisha ukishahamia, anza kuviondoa kimoja kimoja. Hii naiita Kanuni Kuu: nunua kwa sababu ya watu, halafu shangaa kwa nini wapo.

Msione kwamba nabuni. Itazameni Sinza. Ilipimwa miaka ya 1970 chini ya mradi wa viwanja uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, viwanja vya wastani kwa watu wa kipato kidogo, barabara zimenyooshwa kwa rula. Mpimaji alichora nyumba za kulala. Wenyewe wakaongeza baa, saluni, maduka, nyama choma na vyumba vya kupangisha. Wenzangu wa mipango miji huliita hilo kuharibika kwa ramani. Ulizeni bei ya kiwanja Sinza, mtajua kama soko nalo linaona kimeharibika kitu.

Somo la pili ni dalali na makaratasi. Dalali atakuomba hela ya kuonyeshwa nyumba, na utailipa hata kama umeonyeshwa geti. Atakuambia kuna mteja mwingine yuko njiani na fedha taslimu. Kila nyumba ya mji huu ina mteja mwingine njiani. Foleni zetu mnazijua, hajawahi kufika. Ukutani utakuta maandishi makubwa mekundu: NYUMBA HII HAIUZWI, OGOPA MATAPELI. Asiye na elimu hukimbia hapo hapo. Mtaalamu husimama akaelewa kwamba anasoma taarifa ya mirathi. Marehemu ameacha watoto watatu: mmoja anashika ufunguo, wa pili anashika hati, wa tatu anashika kopo la rangi. Usitoe hata senti kabla hujawakalisha wote watatu kwenye mkeka mmoja.

Kuhusu hati yenyewe, tulieni. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999 ardhi yote ya nchi hii ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Unachonunua ni haki ya kuitumia kwa muda, na muda wenyewe haupiti miaka 99. Maana yake yule jirani anayetembea amebinua kidevu kwa kuwa ana hati ni mpangaji pia, ila kodi yake haidaiwi kila mwezi mbele ya watoto. Chini ya hati kuna leseni ya makazi, iliyobuniwa kwa ajili ya maeneo yasiyopimwa. Hiyo ni ya muda mfupi na huhuishwa. Chini kabisa kuna karatasi ya mauziano: ukurasa wa daftari, mashahidi wanne ambao wawili ni shemeji, na muhuri uliopigwa mara mbili kwa sababu mara ya kwanza wino ulikataa.

Na msisahau Sheria ya Ndoa ya 1971: nyumba ya familia haiuzwi na mwenza mmoja bila ridhaa ya mwingine. Muulize muuzaji, "Mama yuko wapi?" Akijibu kwamba mama amesafiri, na wewe safiri.

Wale wa maghorofa ya Kariakoo mna sheria yenu, ya mwaka 2008. Unamiliki sehemu yako ndani ya jengo, lakini ngazi, paa na korido ni mali ya wote. Mali ya wote, kwa utafiti wangu, ina tabia moja: balbu yake ikiungua kila mtu anamsubiri mwenzake. Na lifti, ikiwa inafanya kazi, ina daraja la abiria: kwanza marobota ya mitumba, pili maboksi ya vyombo, tatu wewe uliyelipa.

Somo la tatu linahusu nyumba yetu ya Kiswahili. Vyumba sita, korido katikati, uani kuna jiko, bafu na choo. Ukiinunua utaikuta na wapangaji, na nyumba wanaijua kuliko wewe. Usiwafukuze wiki ya kwanza: hao ndio wanaojua bomba limepita wapi, na ni paa la nani linamwaga maji ya mvua ukutani kwako. Umeme ni LUKU moja, unachangwa chumba kwa chumba, na mwenye friji hutajwa kwa jina kila unapokatika. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa humo humo, mwanzoni shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapanda hadi 1,500 mwaka 2023. Kwa hiyo mpangaji akinunua umeme mwanzo wa mwezi ameshakulipia kodi ya nyumba asiyoimiliki. Inapaswa umrudishie kwenye pango. Ushauri wangu kwa wenye nyumba ni kutolitaja jambo hili mpaka waulizwe, na wakiulizwa, wakohoe.

Yapo pia mambo ya chini ya sakafu. Masika ikishika, wapo waungwana wanaofungulia choo kitapike, mafuriko yabebe. Aliyenunua nyumba Septemba hayajui haya. Septemba kila nyumba ya Dar es Salaam iko mlimani. Nendeni kutazama nyumba Aprili, mvua ikiwa inanyesha, na msimame uani nusu saa. Mkitoka hapo bado mnaitaka, hiyo ni yenu.

Nyamazisha hilo spika la duka la simu kwanza. Ahsante. Nafika somo la nne, ambalo ndilo kilele cha fani yangu: kuutuliza mtaa.

Nina mteja, alinunua Magomeni. Alipenda kila kitu siku ya kuonyeshwa. Alipohamia akagundua kwamba adhana ya alfajiri ni ya alfajiri, kwamba mkesha wa Ijumaa hukesha, na kwamba Simba ikicheza na Yanga kibanda umiza hakiongei kwa kunong'ona. Akaniita. Tulianza na ukuta. Kisha tukashughulikia wazee waliokuwa wakicheza bao kwenye kibaraza cha nje; kibaraza tukakivunja, tukapanda maua yenye miiba. Bodaboda wakahamishwa kona. Fundi cherehani akaambiwa mwavuli wake unazuia mwonekano wa geti. Mwisho tukamfikia mama wa chapati, ambaye moshi wake ulikuwa unaingia sebuleni. Tuliandika barua yenye nakala kwa kila ofisi tuliyoijua anwani yake. Mama akafunga meza, akaenda.

Matokeo yalikuwa ya kisayansi. Kufikia saa mbili usiku mbele ya nyumba ile unasikia kunguru wakigeuka usingizini. Ni kweli wezi walikuja wakafungua vioo vya gari mchana kweupe, wakamaliza kimoja wakahamia cha pili bila haraka. Mteja akafunga kamera. Kamera ikawarekodi vizuri sana, kofia zao zinaonekana mpaka nembo. Mama wa chapati angewataja kwa majina ya mama zao, lakini tusichanganye mada.

Kuna Mmarekani mmoja, Jane Jacobs, aliyeishi New York na mwaka 1961 akachapisha kitabu kizima akieleza kwamba mtaa ulinzi wake ni macho ya watu walio nje kwa shughuli zao, na kwamba maduka, makazi na watu wa kila aina wakichanganyika, mji ndipo unapopumua. Dunia ikamshangilia. Wazee wetu walilijua hilo wakiwa wamekaa barazani. Shida yao hawakuandika, mikono ilikuwa imeshika kete. Nami kama mtaalamu nimelipokea wazo hilo kwa heshima, kisha nikapanda maua yenye miiba juu yake.

Mteja wangu yule sasa ana utulivu kamili. Asubuhi humtuma kijana kwa pikipiki kufuata chapati mtaa wa nne, zinafika zimepoa. Alipofiwa na baba mkwe wake akakodi turubai, viti na masufuria, kisha akakodi na wapishi. Mitaa mingine hukodi turubai tu. Vingine huingia vyenyewe mlangoni, vikiwa vichwani mwa kina mama. Usiku wa kwanza waliolala msibani walikuwa yeye, shemeji zake na mlinzi, na mlinzi alikuwa zamu. Nilimweleza kwamba hiyo ndiyo faragha, na watu wengi hufa bila kuipata.

Nakaribisha maswali. Mama mwenye kitenge, simama. Unauliza kwa nini mtu anayetaka ukimya asinunue kiwanja Bunju au Kigamboni ndani huko, akae na upepo wake? Mama, swali zuri, ingawa linaonyesha hukusoma uchumi. Kule hakuna chapati.

Kijana wa nyuma? Unauliza kama haiwezekani kuwasalimia tu, ukachangia taka, ukakaa barazani jioni, ukamwambia mwenye muziki apunguze naye akapunguza kwa sababu anakujua? Kijana, hayo yanawezekana, na ndiyo maana hayafundishwi na mtaalamu: hayana ada. Tena yana hasara. Ukimsalimia mmoja barazani unawasalimia saba, kila mmoja anauliza mtoto anaendeleaje na kikohozi, na ukifika ndani chai imepoa. Ukiendelea hivyo mwaka mzima watakuwa wanakujua mpaka unapoishiwa. Wengine watakukopesha. Mimi siwezi kubeba lawama hiyo.

Nimalizie kwa tangazo. Yule mteja wa Magomeni sasa anataka kuuza. Dalali alifika, akasimama mbele ya geti, akanyoosha vidole ili ahesabu vilivyo jirani na nyumba, akavikunja tena. Kwa hiyo mwezi ujao, ukumbi huu huu, nitatoa hotuba ya pili: Namna ya Kuuza Nyumba Kwenye Mtaa Uliotulia. Ada yake ni mara mbili ya hii, kwa kuwa kazi yake ni ngumu mara mbili. Wale ambao mitaa yenu bado ina watu, msije, hamtaihitaji.