Bakapu Isiyokwisha: Mwongozo kwa Mpiga Video za Harusi

Unazo diski mbili za nje. Moja imejaa harusi, sendofu na vipaimara vya msimu mzima. Nyingine ni mpya, hata karatasi yake ya nailoni hujaibandua. Kazi ni kunakili kutoka hii kwenda ile. Watu wasio na subira huianza magharibi na kulala imekwisha. Wewe fuata maelezo haya, utaivusha wiki.

Anza na waya. Ule uliokuja na diski ni mfupi, mgumu, na kichwa chake kimegawanyika sehemu mbili, moja pana na nyingine nyembamba. Uweke mbali. Chukua waya wa kuchajia simu ya zamani, ule wenye kichwa kidogo bapa, uchomeke kwenye nusu pana ya tundu la diski. Utaingia bila kulazimishwa. Taa itawaka, diski itaonekana kwenye kompyuta, na hakuna ujumbe utakaokuambia kwamba pini tano za ile nusu nyingine hazijaguswa na kitu. Pini hizo ndizo zinazobeba mwendo wa USB 3.0. Bila hizo umerudi kwenye USB 2.0, mfumo wa mwaka 2000, ambao kwenye karatasi ni megabiti 480 kwa sekunde na mezani hutoa megabaiti 35 hivi. Diski ileile kwa waya wake ingefika 100 na ushee. Terabaiti moja ambayo ingekwenda kwa saa mbili na nusu sasa inakula saa nane, na kazi yenyewe hujaanza kuiharibu.

Waya wa kweli ukikutwa bado upo, usikate tamaa. Laptopu nyingi zenye umri kidogo zina tundu jeusi na tundu la bluu. La bluu ndilo la haraka. Hilo mpe kipanya. Diski zote mbili zichomeke kwenye kigawanyio kimoja cha bei ya kutupa, nacho ukichomeke kwenye lile jeusi. Kila megabaiti sasa inapita mlango uleule mara mbili, ikitoka na ikirudi. Zaidi ya hapo, umeme mdogo wa tundu moja unalisha mota mbili. Ukisikia tik, kimya, kisha diski inaanza kuzunguka upya, ujue umepatia.

Kuhusu unachonakili: usichague. Video moja ya ukumbini ya gigabaiti 40 ni ya hatari, maana hutiririka bila kusimama. Unachotaka ni yale mafolda ambayo programu ya kuhariri iliyatengeneza bila kukuuliza, yenye maelfu ya vifaili vya kilobaiti chache: picha ndogo za kutazamia, mawimbi ya sauti, masalia ya kazi ya mwaka juzi. Kwa kila kimoja kompyuta hufungua, huandika jina, huandika tarehe, hufunga, na kichwa cha diski huruka kwenda mahali pengine. Antivairasi nayo hukikagua kimojakimoja, iache iwake. Kuna wenye pupa ambao huyafuta masalia hayo, kwa kuwa programu itayatengeneza tena ikiyahitaji, na kilichobaki wanakifunga kuwa zip moja bila hata kukibana. Hao hawana muda wa kunywa chai.

Sasa ile diski mpya. Kama ni ya bei nafuu, huenda inaandika data kwa mistari inayolaliana kama vigae vya paa, mbinu iitwayo SMR. Kugusa mstari mmoja ni kuwaandika upya na majirani zake. Ili usilione hilo, kiwanda huacha eneo la mapokezi ambamo data hutua haraka, halafu diski huipanga yenyewe ikipata nafasi. Ndiyo maana gigabaiti za mwanzo zinakwenda kwa 110 nawe unampigia mwenzako simu kumringia. Eneo likijaa, mwendo unaporomoka: 20, 8, sifuri, kisha unazinduka kidogo. Na usidhani boksi litakuambia. Mwaka 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za WD Red zilikuwa za aina hii bila wanunuzi kujulishwa. Diski kama hiyo inachoomba ni kuachwa na umeme wake ijipange. Usiiache. Fungua dirisha la pili la kunakili, na la tatu.

Ikitokea mwendo unakufa kwenye faili moja, ileile kila ukirudia, usishuku diski ya zamani. Usipakue CrystalDiskInfo, ambayo ni ya bure na ingekuonyesha rangi ya bluu kwa diski nzima au njano kwa inayoanza kuoza. Mwenye akili angeiruka faili hiyo, akanakili kwanza harusi ambazo wenyewe hawajakabidhiwa, na faili mbovu akairudia mwisho. Wewe endesha chkdsk /r, uilazimishe diski mgonjwa isomwe kona zote, tena ukiwa huna nakala.

Windows pia ina amri ya kunakili iitwayo robocopy, imo ndani yake tangu Vista, na umeme ukikatika, ukiiendesha tena huendelea ilipoishia. Ukilazimika kuitumia, weka /MIR, kisha pindua majina ya diski. Itahakikisha diski iliyojaa inafanana na ile tupu. Nakiri hii ndiyo njia pekee humu iliyo ya haraka.

La sivyo, badala ya kunakili, kata na ubandike. Umeme ukizimika katikati, na Dar es Salaam haukosi kuzimika, maharusi wataingia ukumbini kwenye diski hii na keki itakatwa kwenye diski ile.

Mama wa bibi harusi akipiga simu, mwambie kazi imefika asilimia 99. Hutakuwa umedanganya, imekaa hapo tangu Ijumaa.