Namfundisha Roboti Uchovu

Waliotengeneza programu ya uhasibu tunayotumia ofisini kwetu lazima waliamini kwamba mhasibu ana faili moja tu maishani mwake. Kitufe cha kupakia hakuna, kwenye menyu hakuna kitu. Ukitaka risiti uliyoiskani iingie kwenye hesabu za mwezi, unalishika faili lake kwa kipanya, unaliburuta hadi kwenye kiboksi cha kijivu upande wa kulia, unaliachia. Kisha unarudi kushika jingine. Na risiti za EFD, zile za mashine ya kodi, si za kuwekwa kiporo: isahau moja juu ya dashibodi ya gari, jua liipige, maandishi yafifie, halafu umpelekee mkaguzi karatasi nyeupe umweleze ilikuwa ya mafuta. Kwa hiyo kila karatasi inaskaniwa, na kila iliyoskaniwa inaburutwa.

Kazi ya namna hii ndiyo iliyowafanya watu wabuni skripti. Python ipo, na maktaba yake ya kuendesha kipanya, PyAutoGUI, ipo, zote za bure. Unaiagiza kompyuta: bonyeza hapa, nenda pale, achia. Mistari mitatu. Kuna mtu, Mungu anamjua, alimwambia bosi kwamba jambo lenyewe ni la dakika kumi, na tangu hapo bosi akinikuta kwenye korido ananiuliza habari za "ile roboti" kabla ya kuniuliza habari za nyumbani.

Mistari mitatu ikakimbia. Kishale kikaonekana kushoto, kikaonekana kulia, kwisha. Faili palepale, limepakwa bluu ya kuchaguliwa, halijasogea hata unywele. Ujumbe wa kosa hakuna. Skripti inajiona imemaliza kazi.

Sababu, ukiifuatilia, ina mantiki yake. Windows haikubali kwamba unaburuta mpaka kishale, huku kitufe kimebanwa, kipite umbali fulani mdogo, na kiwango cha kawaida ni pikseli 4. Bila hivyo kila mwenye mkono wa kutetemeka angekuwa anahamisha mafaili kila akibofya. Ukishavuka hapo ndipo mazungumzo yanaanza: kila dirisha ambalo kishale kinalipitia linaulizwa kama litapokea mzigo. Kile kiboksi cha kijivu nacho ni lazima kipigiwe hodi, kiitikie karibu, ndipo uachie. Skripti yangu ilikuwa inaingia bila hodi na kutoka bila kwaheri, yote kufumba na kufumbua.

Dawa yake ndiyo iliyonitia uchungu. Bana kitufe, subiri. Sogea pikseli kama kumi hivi, kama mtu anayejaribu uzito. Safiri polepole, sekunde nzima. Ukifika usiachie! Cheza kidogo kushoto na kulia juu ya kiboksi, tulia nusu sekunde, halafu achia. Ikakubali. Yaani nimepewa mfanyakazi asiyechoka wala asiyedai posho, na mchana kutwa nimekaa namfundisha kuchoka. Kila sekunde niliyoiokoa kwa kuandika programu nimeirudisha kwa amri ya kulala.

Kwenye mashine yangu mambo yakawa mazuri. Tukahamia kwa dada mhasibu. Yeye skrini yake ameikuza hadi asilimia 125, na macho ni yake, siwezi kumlaumu. Ila kilichokuwa kwangu kwenye pikseli ya 800, kwake kiko karibu na ya 1000. Skripti ikaenda pale ilipoagizwa, ikashika kilichokuwepo, nacho kilikuwa orodha ya michango ya harusi ya mdogo wake. Kiboksi cha kijivu ni kikubwa, kwa hiyo shabaha ya upande ule haikuharibika. Na programu iliyokuwa ikizikataa risiti halali zenye namba ya mlipakodi, michango ya harusi ikaipokea bila swali.

Kwa mtunza fedha ndiyo kabisa, kishale hakikugusa kitu. Kumbe kwake programu hufunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi, na tangu Windows Vista programu ya kawaida hairuhusiwi kuipelekea mibofyo programu yenye mamlaka makubwa kuliko yake. Sheria ni nzuri, inazuia wahuni. Ninachogombana nacho ni ukimya. Mibofyo inazuiwa, na aliyeituma haambiwi kwamba imezuiwa kwa sababu hiyo. Hata karani mkorofi kuliko wote hukwambia "njoo kesho".

Nikaifungua programu ya uhasibu kwa mamlaka ya kawaida, sawa na skripti, kazi ikatembea. Wakabaki binadamu. Kompyuta ina kishale kimoja, na roboti ikikishika, mwenye meza hana.

"Kaka, samahani, nafungua WhatsApp mara moja tu."

"Dada, usiguse, inaburuta."

"Nimegusa kidogo tu jamani."

Huo udogo unatosha. Faili linaangukia njiani, mahesabu yote ya sehemu yanapotea, na skripti ikikatika katikati, kitufe kinabaki kimebanwa kisirisiri. Ukipitisha kishale popote, kila kitu kinajichagua na kukufuata. Tiba ni kubofya mara moja kwa mkono, lakini kwanza mwenye kompyuta atakuwa ameshapiga kelele kwamba nimemletea virusi. PyAutoGUI ina breki ya dharura: ukikitupa kishale kwenye kona ya juu kushoto, skripti inasimama. Nilimfundisha dada mhasibu kwa usalama tu. Sasa anaitumia kila ikifika saa saba, chakula kikiletwa, kwa sababu anataka kuangalia tamthilia.

Nikaona bora niwapigie wenye programu. Nikaomba kitu kimoja: kitufe cha kuchagua mafaili, mengi kwa pamoja, basi. Kijana aliyepokea simu alikuwa na adabu sana, akanisikiliza hadi mwisho.

"Usijali kaka, toleo jipya liko njiani. Sasa hivi hata tarehe utakuwa unaburuta."