Sungura Mjanja wa Hadithi, Sungura Marehemu wa Uani

Nch nch nch! Jamani, hivi mji huu nani katuroga? Ikifika likizo ya shule tu, kwenye foleni wanaibuka vijana wenye maboksi, na ndani ya boksi sungura wadogo wamejibana kwenye kona, macho yamewatoka. Mtoto analia kiti cha nyuma, baba anashusha kioo, bei inapatana kabla taa haijawaka kijani, tayari kiumbe kina ukoo mpya. Muulize huyo baba atamlisha nini. Karoti! Atamlaza wapi? "Ah, atajijua, si mjanja yule?" Mjanja! Hapo ndipo ninapotua kikombe cha kahawa chini, maana naweza kumwagia mtu.

Huo ujanja ndio uliomponza. Sote tumelelewa kwa hadithi za sungura anayemzunguka fisi, anayemwaibisha simba mbele ya wanyama wote, anayekunywa maji ya kisima alichokataa kuchimba. Lakini yule ni sungura wa porini kwetu, mtu wa mbio na nyasi ndefu, anayezaliwa na manyoya yake na macho yakiwa wazi. Huyu wa kwenye boksi asili yake ni Hispania na Ureno, jamii ya wachimba mashimo, anazaliwa uchi na kipofu. Hao ni wanyama wawili mbalimbali! Tumemnunua wa pili kwa sifa za wa kwanza, halafu tunashika tama wakati wa kumzika.

Tuanze na joto. Dar es Salaam ya Februari unaijua mwenyewe, binadamu mwenye feni anatafuta pa kukimbilia. Sungura hatoki jasho. Joto analitolea masikioni, na likishapita nyuzi 30 hali yake inakuwa ya hatari. Na sisi tunafanya nini? Banda bati juu, bati ubavuni, limeegemezwa ukuta unaopigwa na jua la saa nane. Mnyama kajinyoosha, anahema mdomo wazi, mwenyewe anamwita mkewe: "Njoo uone alivyonogewa na usingizi!" Usingizi? Lahaula! Anakata roho huyo! Kivuli, upepo, maji muda wote, na siku ya joto kali chupa ya maji yaliyoganda, iviringishwe kitambaa awekewe pembeni aiegemee. Hilo nalo linataka shahada?

Turudi kwenye karoti, maana hii imenichosha. Katuni zimetupotosha wazee kwa vijana. Karoti ni sukari, umpe kipande kidogo mara mojamoja. Chakula cha sungura ni majani: nyasi kavu au mbichi, lundo linalomzidi mwili, kila siku ya Mungu. Meno yake hayaachi kukua hadi anakufa, na kinachoyasaga ni kutafuna nyasi kutwa nzima. Ukimnyima, yanarefuka, yanamchoma shavu kwa ndani, anaacha kula. Majani ya tembo yapo, kishona nguo kimejaa kila kiwanja, matembele yapo. Tena chuma mbali na barabara. Lakini mtu anapita vyote hivyo anakwenda kumchumia majani ya parachichi au ya nyanya, ukimwambia hayo ni sumu anakujibu, "Majani ni majani." Haya bwana! Mwingine anamkatia chapati. Mwingine chipsi, tena na chumvi yake!

Na msichokijua ni kwamba sungura hawezi kutapika. Kilichoingia kimeingia. Tumbo likigoma, linagoma kimyakimya, na nusu siku bila kula kwake ni dharura ya kumkimbiza kwa daktari wa mifugo. Kijiweni kwetu alikuja bwana mmoja, anasimulia akicheka kwamba sungura wake "amefunga" tangu jana. Basi kila mtu akawa dokta! Mmoja mpe maji ya ndimu, mwingine mpe kapsuli ya amoksilini, nusu tu, changanya na uji. Amoksilini! Dawa za jamii ya penisilini akizimeza sungura zinaua wadudu wema wa tumboni mwake, na yeye anawafuata. Ilibidi mzee muuza kahawa apige birika kwa kijiko ndipo watu wanyamaze, na yule bwana akaondoka mbio kutafuta daktari. Tuna ujuzi wa kutibu kila kitu, isipokuwa kunyamaza.

Halafu lile sakata la "wote majike." Muuzaji anaapa, anakula yamini, wote dada hawa! Mama mmoja mtaani kwetu akanunua wawili. Wakakua, wakanawiri, hadi siku moja akamwona mmoja ananyofoa manyoya ya kifuani, kifua kimebaki cheupe. Mama akaona upele huo. Alikuwa ameshika kopo la oili chafu mkononi, tayari kumpaka, ndipo mwanawe alipoinamia kona ya banda. Pale palikuwa na rundo la manyoya laini linapumua: linapanda, linashuka. Kulifunua, vitoto vya rangi ya waridi, havina unyoya, macho yamefungwa, vimelaliana. Mtume! "Dada" mmoja alikuwa kaka. Mimba ya sungura ni kama siku 31, na jike anaweza kupandwa tena siku ileile aliyojifungua. Hesabu yake mwenyewe mwenye banda aipige.

Hapo mtaa mzima ukaanza: mama kawatelekeza, hakai nao! Wakataka kuwakamulia maziwa ya ng'ombe kwa kitambaa. Nch! Sungura hunyonyesha mara moja au mbili kwa siku, dakika chache tu, mara nyingi usiku au alfajiri, kisha anakaa mbali ili adui asijue watoto waliko. Watazame matumbo yao: yakiwa yametuna, waache na mama yao. Na huyo kaka mhamishe leo, usingoje kesho.

Kinachonisonyesha kuliko vyote ni kumbeba kwa masikio, ananing'inia kama mfuko wa sokoni. Wewe nani alikubeba kwa masikio ukafurahi? Mkono mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya makalio, mkumbatie kifuani, kwa sababu akipiga teke hewani anaweza kujivunja uti wa mgongo. Na muache kumwogesha kwenye beseni kwa sabuni! Anajisafisha mwenyewe, na hofu ya maji inaweza kumuua papo hapo. Hata ukimkuta alfajiri anakula kinyesi chake laini, usikimbilie kwa mganga. Ndivyo tumbo lake lilivyoumbwa, chakula kipite mara mbili.

Basi kumfuga ni kumtazama. Mnyama anayewindwa na kila mwenye meno huficha ugonjwa wake, hatakulilia. Kila asubuhi angalia: amekula? Chembe za kinyesi zipo, kubwa na za kutosha? Masikio hayana magamba? Akitunzwa vizuri anaishi miaka 8, 10, hata zaidi. Mtoto aliyemlilia akiwa darasa la kwanza atamaliza shule ya msingi, na sungura bado atakuwa anadai majani yake. Mzazi asiye tayari kuyakata miaka yote hiyo, amnunulie mtoto mpira.