Okei ya Fundi Bomba

Koki ya jikoni kwangu inavuja tangu Jumanne ya wiki iliyopita. Tone, kimya, tone. Chini yake nimetega sufuria ya ugali, na mama watoto anaidai kila jioni kana kwamba nimeiweka rehani.

Fundi nimempigia mara tano. Jumanne alisema, "Okei mzee, nakuja." Nikafunga maji, nikakaa. Alhamisi: "Okei, nipo njiani." Hiyo njia sijui inapita Dodoma. Mara ya tano hata sikumaliza salamu: "Okei okei okei," simu ikakatwa. Ndipo nikang'amua kwamba okei moja ni "nimesikia", mbili ni "nimechoka kusikia", na tatu zikifuatana mbio ni "niondokee".

Kwa hasira nikaanza kulichimba neno lenyewe. Limezaliwa Boston, Marekani, na limezaliwa kwa mzaha. Miaka hiyo waandishi wa magazeti walishikwa na ugonjwa wa kufupisha maneno, tena si kufupisha kama watu wazima. Kwanza walikosea tahajia makusudi, halafu ndiyo wakafupisha. Tarehe 23 Machi 1839, gazeti la Boston Morning Post likachapa "o.k.", wakimaanisha "all correct", yaani kila kitu ni sahihi, ila kwa tahajia yao ya utani: "oll korrect". Hebu tazama. Herufi mbili za kutangaza kwamba yote ni sahihi, na hata moja si sahihi! Fundi wangu kumbe amelirithi neno pamoja na tabia zake.

Vifupisho vingine vya genge lile vilikufa. O.W., yaani "oll wright", nani anaikumbuka leo? Hili nalo lingekwenda na maji kama wanasiasa wasingeliokota. Mwaka 1840 Rais Martin Van Buren alikuwa akitaka kuchaguliwa tena. Kwa kuwa alizaliwa Kinderhook, huko jimbo la New York, wapambe walimwita Old Kinderhook, Mzee wa Kinderhook, wakaanzisha na klabu za O.K. za kumpigia debe. Wapinzani wake wakaligeuza neno lilelile kumkejeli. Akaangushwa na William Henry Harrison. Yeye akaenda zake, neno likabaki. Hata kwetu mgombea huanguka, fulana zikaendelea kuvaliwa shambani.

Baadaye kila mtu akajitungia asili yake. Rais Woodrow Wilson aliamini ni neno la Wachoctaw, wenyeji wa asili wa Marekani, akawa anaandika "okeh". Ilibidi tufike miaka ya 1960 ndipo profesa mmoja wa Columbia, Allen Walker Read, alipofukua magazeti ya zamani na kuutoa mzaha hadharani. Miaka zaidi ya mia moja dunia nzima inaitikia utani bila kujua!

Na sisi tulikosa nini? Tuna sawa, tuna naam, tuna vema, tuna barabara. Tuna haya, ingawa kusema kweli "haya" ya mama watoto, ile fupi anayoisema huku anageuka kwenda chumbani, naiogopa kuliko okei za mafundi wote wa mji huu.

Jana usiku nilimwandikia fundi ujumbe mrefu wa heshima. Nikamweleza tone, bili ya maji, sufuria, na amani ya nyumba yangu. Nikaona amesoma. Simu ikalia, nikairukia.

"K."

Herufi moja. O ameidondosha, "kila kitu" kimekwenda nayo, nimebakiziwa "sahihi", tena ile ya kukosewa. Nikanyanyuka kwenda jikoni. Sufuria ilikuwa imejaa, imeanza kumwagikia sakafuni.