Mboga Leo Ni Mboga

Saa saba mchana, kwenye banda la mama lishe huko Tabata, Dar es Salaam, mwandishi wa makala hii aliuliza kuna mboga gani. Akatajiwa bila kituo: nyama, kuku, samaki, maini, dagaa. Akasema hapana, yeye anataka mboga tu. Mama lishe akamtazama kama mtu aliyeingia duka la nguo akaomba nguo.

"Si ndizo nilizokutajia, kaka?"

Akaomba maharage. Yakaja mekundu, mazito, yananukia kitunguu na karoti. Kijiko cha tatu kikagonga kitu kigumu. Alipokifukua akakuta mfupa wa ng'ombe, uwazi katikati, uboho wake wote umeshayeyukia kwenye maharage.

"Hiyo si nyama," mama lishe akawahi kabla hajaulizwa. "Mfupa tu huo, wa kuleta ladha. Wala sikutozi."

Chanzo cha balaa ni lugha. Kwa Mtanzania wa bara, mboga ni chochote kinachosindikiza ugali au wali. Mtoto akirudi shuleni akauliza mboga leo nini, akijibiwa nyama hurukaruka, akijibiwa mchicha hununa, ingawa mchicha ndio wenye haki zaidi ya jina hilo. Majani yenyewe yamelazimika kutafuta jina la ziada, mboga za majani, au mbogamboga, mithili ya mwenye nyumba aliyehamishiwa chumba cha uani. Mkenya hana shida hii: kwake mboga ni mboga, nyama ni nyama, na sukuma wiki imebeba kazi yake kwenye jina lake. Lakini Tabata ukisema "mimi nakula mboga tu", umetangaza kwamba umeacha ugali.

Waingereza nao walikwama kwenye neno. Novemba 1944, vita havijaisha na chakula bado ni cha mgawo, mwalimu wa useremala aitwaye Donald Watson na wenzake wachache waliunda chama cha watu wasiotumia chochote kitokacho kwa mnyama: si nyama, si maziwa, si yai. Jina hawakuwa nalo. Wakachukua mwanzo na mwisho wa neno "vegetarian", la katikati wakalitupa, wakapata "vegan". Watson alikuwa ameacha nyama akiwa kijana wa miaka 14, baada ya kushuhudia nguruwe akichinjwa shambani kwa mjomba wake. Alifariki mwaka 2005 akiwa na umri wa miaka 95.

Umri huo mwandishi aliuhifadhi makusudi, autumie siku shangazi yake wa Korogwe atakapomwambia kwamba asiyekula nyama hafiki mbali. Siku ikafika, akautumia. Shangazi akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwao hakuna malaria," akasema.

Mwandishi naye ana nguruwe wake, ila ni jogoo. Ni huyo huyo shangazi aliyempa: jogoo mwekundu, miguu imefungwa kwa kamba ya katani, akasafirishwa chini ya kiti cha basi kutoka Korogwe hadi Dar es Salaam. Alikusudiwa kuliwa Jumapili. Jumapili ya kwanza maji yalikatika. Ya pili kulikuwa na msiba jirani. Kufikia ya tatu, jogoo alikuwa na mazoea ya kutembea asubuhi mbele ya geti, kifua mbele, akikagua wapita njia, na watoto walikuwa wameshampa jina la Mwenyekiti. Mwenyekiti hachinjwi. Anasubiriwa amalize muda wake.

Hapo katikati mwandishi aliendelea kula mishkaki bila wasiwasi wowote, jambo ambalo halimpi sifa. Hakuota ndoto wala kusoma kitabu. Jioni moja tu, kijiti mkononi, aliona hamu haipo, na kesho yake haikurudi. Maziwa kwenye chai hajaacha. Viatu ni vya ngozi, na shemeji yake alimwuliza mbele ya watu: "Na hivyo umeshonewa kwa majani ya mgomba?"

Kinachochekesha ni kwamba hesabu iko upande wa mwandishi. Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, lakini takwimu inayotajwa na serikali kwa miaka mingi ni kwamba Mtanzania hula wastani wa kilo 15 hivi za nyama kwa mwaka. Gawa kwa siku 365: gramu 41, yaani vipande viwili vitatu vya mshikaki. Siku nyingi, nyumba nyingi hupika makande, ugali na matembele, kisamvu cha nazi na karanga. Pwani watu huamkia mbaazi za nazi na maandazi, kifungua kinywa ambacho Watson angeweza kukila bila kuuliza swali, mradi mpishi hakukandia maziwa. Hakuna anayeuita msimamo. Unaitwa katikati ya mwezi.

Na hapo ndipo ugomvi ulipo. Nyama ni sikukuu, ni mgeni, ni mshahara umetoka. Maharage ni bweni. Mtu aliyekula ugali na maharage kwa miaka sita ya sekondari, na wadudu wake, alijiapiza, na kiapo chake anakitimiza kila Ijumaa jioni penye moshi wa nyama choma. Binamu wa mwandishi alilisema hili bila kumung'unya: "Sisi tumesoma ili tutoke kwenye maharage. Wewe umesoma, ukarudi." Mwandishi hakuwa na jibu. Ni kweli kwamba kukataa nyama ni anasa ya mwenye uwezo wa kuinunua.

Zipo sababu za kuacha nyama ambazo jamii inazikubali mara moja. Dini inakubalika: Wasabato wamekuwepo milima ya Upare tangu 1903, na kwa kuwa baadhi yao hawagusi nyama ya aina yoyote, swali la kwanza alilokuwa akiulizwa mwandishi ni kama amebatizwa upya. Wahindu hawaulizwi kitu, na katikati ya Dar es Salaam ipo migahawa yao ambayo hata yai haliingii jikoni. Wajaini wamekwenda mbali zaidi: hata viazi na vitunguu hawali, kwani kung'oa mzizi ni kuua mmea pamoja na vijidudu vilivyoushikilia. Mwiko wa ukoo unakubalika. Katazo la mganga linakubalika, tena kwa heshima kubwa na sauti ya chini. Katazo la daktari ndilo bora kuliko yote.

Isiyokubalika ni moja: "nimeamua". Umeamua wewe kama nani?

Kwa hiyo Desemba ilipokaribia, na safari ya Marangu kwa wakwe ikawa haiepukiki, mwandishi alijichagulia ugonjwa. Alichagua gauti. Ni ugonjwa wenye hadhi, unahusishwa na watu waliokula vizuri, na kila mtu anajua kwamba mwenye gauti hatakiwi kula nyama nyekundu.

Walifika jioni. Alfajiri alisikia sauti ya mbuzi nyuma ya nyumba, kisha hakuisikia tena. Watawa wa Kibudha wa Thailand na Sri Lanka wana kanuni nzuri kwa mazingira ya namna hii: nyama iliyotiwa kwenye bakuli lao huruhusiwa kuliwa, mradi hawakuona, hawakusikia wala kushuku kwamba mnyama alichinjwa kwa ajili yao. Mwandishi alikuwa amelala akiitegemea kanuni hiyo kama mlango wa dharura. Sasa alikuwa amesikia, na kushuku hakukuhitajika, kwa sababu baba mkwe alikuja mwenyewe mlangoni, mikono bado ina maji, akasema, "Mwanangu, mbuzi wako ameshaanguka."

Kwa Wachagga mbuzi hakatwi ovyo. Kila kiungo kina mwenyewe, na kumpa mtu kipande chake ni kumwambia yeye ni nani katika nyumba hiyo. Anayekirudisha amejiondoa mwenyewe. Na mbuzi hafufuki. Mwandishi alikaa na hilo kwa dakika kadhaa, na hadi leo hana uhakika kwamba alichofanya baadaye kilikuwa na uadilifu kuliko kula ubavu aliotengewa na kunyamaza.

Kilipoletwa kisusio, ile supu ya damu, alikohoa kidogo akataja gauti.

Uso wa baba mkwe ulijaa huruma, kisha furaha. Kumbe naye anayo! Miaka saba sasa, kidole gumba cha mguu wa kushoto. Akavuta kiti karibu, akaanza kumpa mkwewe elimu yote aliyoikusanya kliniki, kanisani na kwa majirani. Nyama nyekundu usiguse. Maini, utumbo, dagaa, marufuku. Mbege, marufuku. Mwandishi alikuwa anaitikia kwa moyo mweupe, jicho likiwa kwenye sufuria ya kiburu iliyokuwa pembeni inatoa mvuke: ndizi na maharage vilivyopondwa pamoja, laini, havina hata harufu ya mfupa.

"Na maharage," akaendelea baba mkwe. "Maharage ndiyo mabaya kabisa. Na mchicha. Na uyoga." Akageuka. "Mama, hicho kiburu kiondoe, kitamuua mtoto wa watu."

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2004, baada ya kufuatilia wanaume zaidi ya 47,000 kwa miaka 12, ulionyesha kwamba nyama na samaki huongeza hatari ya gauti, na kwamba mboga zenye purini nyingi, ile kemikali inayolaumiwa kwa gauti, hazikuonekana kuiongeza. Mwandishi aliukumbuka wote, pamoja na miaka yake. Lakini mkwe gani anambishia baba mkwe kuhusu ugonjwa ambao mwenyewe hana? Akala ndizi za kuchemsha na chumvi, siku nne. Baba mkwe, aliyekuwa nayo kweli, alimaliza ubavu wa mbuzi akiwa ameegesha mguu wa kushoto kwenye kigoda. "Mimi nimeshazoea," alieleza.

Jumamosi kukawa na harusi ya shemeji. Saa tatu usiku taa zilipunguzwa, muziki ukapandishwa, na ndafu akaingia: mbuzi mzima wa kuchoma, amesimama juu ya meza, fungu la majani mabichi mdomoni. Katika ukumbi mzima waliokuwa na majani mdomoni walikuwa wawili, mbuzi huyo na mwandishi, aliyekuwa kwenye sahani yake ya pili ya kachumbari.

Habari za ugonjwa husafiri. Februari shangazi alishuka kwenye basi la Korogwe bila kutoa taarifa, na chupa ya lita tano yenye maji ya rangi ya kahawa: mizizi aliyoichemsha mwenyewe, kikombe asubuhi, kikombe jioni. Getini akapokelewa na Mwenyekiti, kifua mbele.

Shangazi alisimama. Akaweka chupa chini. Alimtazama jogoo, akamtazama mwandishi, akamtazama jogoo tena.

"Huyu ndiye yule?"

"Ndiye, shangazi."

Akainama, akamdaka kwa mkono mmoja, kama wafanyavyo wanawake waliofuga maisha yao yote, akainua bawa, akaminya kifua kwa kidole gumba. Mwenyekiti hakufurukuta. Kimya kilikuwa kirefu.

"Umeshamkomaza," akasema shangazi. "Huyu sasa hafai kukaanga. Anataka kuchemshwa saa tatu, moto wa kuni."

Akaingia ndani kuulizia sufuria kubwa iko wapi. Usiku huo Mwenyekiti alilala bafuni, mlango umefungwa kwa ndani na mtoto wa pili, na mwandishi akanywa kikombe chake cha dawa ya gauti mpaka tone la mwisho, shangazi akimwangalia.