Gari la Saa Mbili, Foleni ya Siku Mbili

Shangazi na ninyi wengine wote wa Magomeni, Dar es Salaam,

Ujumbe wa dada wa Toronto nimeupata. Anakuja na wanawe kunitembelea Bujumbura, na anataka nimtafutie gari la kushirikiana: unalifungua kwa simu, unalitumia saa mbili, unaliacha kando ya barabara, mwingine anaondoka nalo. Anauliza kama hilo si bora kuliko kubanana kwenye basi.

Programu ya magari hayo huku haipo. Uber haipo, Bolt haipo. Jirani zetu wa Kigali waliletewa na Volkswagen magari ya kuita kwa simu mwaka 2018. Sisi tunashirikiana kwa kanuni nyingine: mwenye mafuta ndiye mwenye gari. Hapa Mutanga Nord kila geti lina gari zuri, na mengi yamekaa uani kama makabati. Petroli imekuwa adimu kwa miaka sasa. Ikisikika kwamba kituo fulani kimeshusha mzigo, foleni inazunguka mitaa, watu wanalala ndani ya magari, wengine wanakodi vijana wa kuwakalia mstari.

Mzee wa nyumba ya pili, mstaafu mwenye Corolla, akipata lita zake chache habari humtangulia nyumbani. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi getini kwake tumejaa: walimu wawili, muuguzi, mama wa duka na mimi. Salamu za siku hiyo ni ndefu mno, tunaulizia mpaka afya ya mbuzi. Mzee anatukagua mmoja mmoja. Mgonjwa anapanda kwanza, kisha wale waliomsalimia hata siku ambazo tangi lilikuwa kavu. Hilo ndilo gari la kushirikiana, na nenosiri lake ni adabu.

Shangazi, siku ukija ukapewa lifti, usikae mbele. Burundi wanapita kulia, lakini magari mengi ni hayo hayo ya Japani yenye usukani kulia kama ya huko nyumbani. Kwa hiyo dereva yuko upande wa mtaro, wewe uko katikati ya barabara. Akitaka kulipita lori haoni kitu, anakuuliza wewe: "Kuko wazi?" Roho za watu watano ziko mdomoni mwako, na miwani umeisahau kwenye mkoba.

Basi je? Ni Hiace na Coaster, na katikati kuna viti vya kukunja: akishuka wa nyuma, mstari mzima unasimama. Lakini Warundi wanapanga foleni! Jioni mjini utaona mamia ya watu wamesimama mmoja nyuma ya mwingine, wengine saa nzima na zaidi, na hakuna anayeingilia dirishani. Sisi wa Dar tuliopata mabasi ya mwendokasi tangu 2016 na bado tunayapanda kwa viwiko, tungeona haya. Basi nalo linakunywa mafuta yale yale, ndiyo maana foleni ni ndefu.

Bodaboda na bajaji msizitegemee sana. Machi 2022 zilipigwa marufuku katikati ya mji. Zikawa zinakushusha pembeni, unamalizia kwa miguu. Si adhabu kubwa, kwani katikati ya mji ni padogo. Kutoka huku kwetu kwenda mjini ni mteremko, ziwa Tanganyika liko mbele yako na milima ya Kongo ng'ambo yake. Watoto watapiga picha hadi simu zizime. Kurudi ni mlima, na hapo ndipo mgeni anaanza kulipenda basi.

Kwa hiyo mwambieni dada: mchana basi, mjini miguu, usiku na mizigo teksi. Teksi hazina mita, bei mnapatana kabla ya kufunga mlango. Akishikilia gari la kukodi, swali la kwanza lisiwe bei ya siku. Aulize mafuta yanatoka wapi, na foleni anakaa nani.

Alete viatu vya kutembelea. Nauli ya basi ya familia nzima nitalipa mimi. Foleni ya mafuta sikai.