Namna ya Kumwandika Mjomba Wako Bila Kumharibia Jina

Mjomba amejenga gesti Mikindani, mkoani Mtwara. Bati ni jipya, kibao cha mlangoni kina rangi tatu. Amesikia kwamba unahariri makala za Wikipedia ya Kiswahili kwa kujitolea, na sasa anataka gesti iingie humo kabla ya msimu wa korosho. Kwa Wamakonde, ambao ukoo wao hufuata upande wa mama, ombi la mjomba halipuuzwi. Kwa kamusi elezo huru, ombi hilo linaitwa mgongano wa maslahi. Ukitaka kubaki mpwa mwema na mhariri mwaminifu kwa pamoja, fuata hatua hizi.

1. Jitaje kabla hujatajwa. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995 inamtaka kiongozi atoe tamko la mali na madeni yake. Tamko lako wewe ni jepesi zaidi. Kwenye ukurasa wako wa mtumiaji andika: "Mwenye gesti hii ni ndugu yangu." Si lazima umtaje kwa jina. Historia ya ukurasa hutunza kila badiliko, saa lilipofanyika na akaunti iliyolifanya. Mwaka 2005 Jimmy Wales, mmoja wa waanzilishi wa Wikipedia, alionekana akihariri makala iliyomhusu yeye mwenyewe, na akakiri kwamba hakupaswa kufanya hivyo. Ikiwa mwenye nyumba hakupona, mgeni hatapona.

2. Uliza ni nani mwingine aliyeandika. Tafuta gazeti, kitabu au utafiti wa mtu asiyekula kwa mjomba. Boma la Mikindani, lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895, leo ni hoteli, lakini linastahili makala kwa sababu wanahistoria wameliandika. Msafiri David Livingstone naye alianzia Mikindani safari yake ya mwisho mwaka 1866, na vitabu vinasema hivyo. Gesti ya mwaka jana haijafika huko. Mwamkie mjomba, kisha mweleze kwa adabu: "Wengine wakishaiandika, nasi tutaiandika." Halafu boresha makala ya Mikindani yenyewe. Msomaji akiupenda mji, atatafuta pa kulala.

3. Vua sifa. Futa "ya kisasa", futa "huduma bora", futa "mandhari ya kuvutia". Sentensi inayofaa kwenye kibao cha gesti haifai kwenye kamusi elezo. Bakiza mahali, mwaka na chanzo. Chema chajiuza.

4. Jipime panapouma. Gesti ni mtihani mwepesi, mtihani mgumu ni gesi. Gesi asilia iligunduliwa Ghuba ya Mnazi, huko Msimbati, mwaka 1982. Mwaka 2013 wananchi wa Mtwara walipinga bomba la kuipeleka Dar es Salaam. Katika ghasia za Januari na Mei watu walipoteza maisha na majengo yalichomwa. Bomba lilizinduliwa Oktoba 2015. Nani aandike haya? Mfanyakazi wa kampuni ya gesi anaangalia mshahara, mtumishi wa serikali anaangalia cheo, na aliyechomewa nyumba ana jeraha. Ndivyo ilivyo pia kwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 650: askari wa hifadhi ataisimulia kwa namna yake, na mvuvi kwa namna yake. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.

Kuwa karibu na jambo si dhambi. Tukiwanyamazisha wote wenye maslahi Msimbati, Msimbati itaandikwa na watu wasioijua. Basi fanya hivi: andika kwanza sentensi ambayo upande wako hautaipenda, uiwekee chanzo. Mkono ukigoma, usiiguse makala. Nenda kwenye ukurasa wa majadiliano, weka hoja na ushahidi wako, mwachie asiye na maslahi aamue.

5. Ukipokea, sema. Tangu 2014 masharti ya matumizi ya Wikipedia yanamtaka anayelipwa kuhariri amtaje anayemlipa. Debe la korosho nalo lihesabu kuwa malipo. Mtahadharishe na mjomba pia: mwaka 2015 Wikipedia ya Kiingereza ilifungia akaunti 381 za kundi lililowatoza pesa wafanyabiashara wadogo ili makala zao zichapishwe na kulindwa. Anayemwahidi mjomba makala kwa pesa anauza kisicho chake.

6. Akaunti moja. Usifungue ya pili ili ije kukubaliana na ya kwanza.

Utauliza kwa nini ujisumbue hivi wakati hakuna anayekuangalia. Hapo ndipo penye sababu. Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003, na wahariri wake wa kudumu ni wachache. Kwa Kiingereza, chumvi kuhusu hoteli inaweza kuonwa na macho mengi siku ileile; kwa Kiswahili inaweza kukaa miaka, mwanafunzi wa Tandahimba akainakili kwenye daftari akidhani ni elimu. Mwanafunzi huyo hana kamusi elezo nyingine huru ya lugha yake ya kukimbilia. Yeye ana haki kubwa kwako kuliko mjomba.

Kwa hiyo leo, kabla ya kubonyeza "Hariri", fungua ukurasa wako wa mtumiaji. Andika unafanya kazi wapi, na una undugu au biashara na nani katika yale unayoyahariri. Kisha endelea na kazi.